Pipa Jeusi la Mama

Chuma kilicholowa pombe ya ndizi kina harufu yake kali, kama sarafu iliyoshikwa mchana kutwa na kiganja chenye jasho. Nimehangaika kwingi, na popote ninapoikuta hunirudisha kijijini Bugomora.

Tulifika huko kwa meli kutoka Mwanza hadi Bukoba, kisha juu ya lori, vumbi likituingia mpaka kwenye meno. Baba alikuwa amefariki, mama akaja kukaa kwenye kibanja alichoacha marehemu, shamba la migomba. Baba mkubwa alitupokea kwa sharti: rubisi yetu, yaani pombe ya ndizi, tukamulie kwenye mtumbwi wake, gogo lililochongwa la kukamulia ndizi, na kibanja akisimamie yeye.

Mama alikataa. Akachukua pipa la chuma lililopasuliwa kwa urefu, akakamulia humo. Juisi ikachachuka, ikalila pipa, rubisi ikatoka na ladha ya kutu. Baba mkubwa alionja, akatema.

"Mama Deo, umetupikia misumari?"

"Tema kule, shemeji. Uwanja nimeufagia sasa hivi."

Kilichompa wazo ni kisu cha kumenyea ndizi. Hatukukiosha utomvu, kilikuwa cheusi tii, na hata kikisahaulika mvuani hakikushika kutu. Basi akachemsha maganda ya ndizi mbichi hadi maji yakawa mazito, ya kahawia, yakigusa chuma yanageuka meusi. Nilipaka pipa kwa maji hayo, likakauka juani, nikapaka tena. Jumapili kanisani nilificha mfukoni viganja vyangu vilivyoingia weusi. Mama alivitoa.

"Umeiba? Basi viache vionekane."

Rubisi iliyofuata ilinyweka. Kutu haikuisha kabisa, ila tulipaka upya kila tulipotaka kukamua, na baba mkubwa alikunywa kibuyu kizima bila kutema.

Nikiwa kibarua ukubwani nilisikia mafundi wakieleza jinsi majimaji ya mimea yanavyoshikamana na chuma, tindikali isikile upesi. Nikacheka peke yangu. Utotoni nilidhani mama anapigania pombe. Kumbe alijua kwamba siku atakayoomba mtumbwi, kibanja kimekwenda.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, kupitia mpakani Murongo, baba mkubwa alikuja asubuhi na mapema.

"Kijana ndiye huyo anaenda. Sasa hamia kwangu, shemeji, kibanja nitakutunzia."

Mama hakuacha kupalilia.

"Anayeondoka ni Deo," alisema. "Mimi umesikia wapi naondoka?"