Kanda ya Kwanza ya Afande Okwera

Wandegeya nzima, hapa Kampala, ukiuliza fundi Perpétue yuko wapi, watu watakukazia macho tu. Uliza yule Mama Mkongo wa kanda, hapo utashikwa mkono mpaka mlangoni. Chumba chake kimebanwa katikati ya maduka mawili ya kuchapa kazi za wanafunzi. Huku fotokopi inalia, kule fotokopi inalia, na yeye yuko ndani nyuma ya pazia la kitenge, amevaa glavu, anafuta kanda ya video kwa pamba na spiriti, inchi kwa inchi. Kazi hiyo ya kutoa picha kwenye kanda za zamani na kuziweka kwenye kompyuta ameifanya miaka kumi na mitatu, tangu alipofika kutoka Bukavu na binti yake Reine na begi moja. Ndiyo maana wengi humwita Mama Reine.

Perpétue ana mambo yake mawili ambayo hata malaika ashuke hayabadilishi. La kwanza, haangalii kanda za watu. Akishaanza kunakili anageuza kioo cha kompyuta kikatazama ukuta, anaacha sauti tu imjulishe kwamba kanda haijakwama. "Mtu aliniletea kanda, hakuniletea sebule yake," ndivyo anavyosema. La pili ni Koko.

Koko ni kompyuta yake. Kwao Bukavu koko ni babu, na jina limemfaa, maana lile limashine limegeuka rangi ya chai na linaanza siku kwa kukohoa. Lakini usilicheke! Lina tundu la kupokea waya wa kamera za zamani, kitu ambacho mashine mpya hazina. Wakati fulani fundi mmoja mjuaji alilitia nyongeza mpya za mfumo bila kuuliza, na Koko akaisahau kamera mwezi mzima. Mama wa watu alilia kama amefiwa. Tangu siku hiyo ni amri: Koko haguswi, haongezewi, habadilishwi.

Sasa mwaka jana, mvua za Aprili zilipopungua, akaja Afande Okwera. Ni polisi mstaafu, Mwacholi mrefu aliyenyooka mpaka leo, anakaa Bwaise. Alibeba beseni la plastiki, na ndani ya beseni kanda ndogo ishirini na mbili, zile za kamera ya mkono, zimejaa tope.

"Maji iliingia ndani ya nyumba, ikachukua sanduku," alisema. Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi na cha kunyooka. "Karatasi zote za majina zimetoka. Mimi sijui hii ni gani, ile ni gani."

"Pole sana, Afande. Ni za kazi?"

"Za kazi ni chache. Ndani kuna bibi yangu." Akaweka beseni chini, akaeleza. Mke wake aliitwa Aryemo. Alifariki wakati mtoto wao Ayot ana miaka minne. Sasa Ayot ana mimba ya kwanza, miezi saba, na kila akija nyumbani swali lake ni moja: mama alikuwa anaimba nini? Kwa sababu Aryemo alimtungia mtoto wake wimbo, akawa anamwimbia barazani huku anapepeta simsim, yaani ufuta. "Siku moja nilichukua kamera ya ofisi, nikamshika akiimba. Maneno mimi nakumbuka. Sauti yake ya kupanda na kushuka, hapana. Mimi nilijua kupiga saluti tu, Mama Reine. Kuimba Mungu alininyima."

Ayot alitaka kumwimbia mwanawe huo wimbo. Basi. Hakuna kingine ambacho mzee yule alikihitaji.

Perpétue akainusa kanda moja, akaifungua, akatikisa kichwa. Kanda iliyolowa tope, hata ukiiosha vipi, inakubali kuchezwa mara moja. Ya pili ni bahati. Kwa hiyo hakuna kuonja kwanza. Unaosha, unacheza, unanakili papo hapo, yote mpaka mwisho. Na kanda moja ya saa nzima inakula gigabaiti kumi na mbili, wakati diski ya Koko ilikuwa ya arobaini tu na imeshaanza kugonga.

Akaenda kwa Fadhul. Huyu ni jirani, ana meza ya kutengeneza kompyuta duka la tatu kutoka hapo, mtoto wa Old Kampala, mkono wake mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Fadhul akamtafutia diski ya gigabaiti mia tano ya aina inayoingia kwa Koko. Wakaifunga. Koko akaikohoa, akaitazama, akasema ni mia moja ishirini na saba.

"Banange! Mia tano imeliwa na nani?" Fadhul akacheka. "Mama Reine, huyu babu yako hesabu zake zinaishia hapo. Mfumo wake ni wa kale. Anataka nyongeza, nusu saa tu namaliza."

"Gusa uone."

"Mama, nakwambia ukweli..."

"Fadhul, nimesema Koko haguswi! Hiyo diski ipeleke kwako, iandae kwenye mashine yako mpya, urudishe. Akiikuta imeshaandaliwa ataikubali."

Fadhul akajikuna shingo. Alikuwa na wasiwasi, lakini kubishana na Perpétue ni kujitafutia maumivu ya kichwa. Akaipeleka, akaiandaa, akairudisha. Na kumbe! Koko akaonyesha mia nne sitini na tano, ambayo ndiyo mia tano ya dukani kwa namna kompyuta zinavyohesabu. Perpétue alipiga vigelegele mpaka wanafunzi wa fotokopi wakachungulia.

"Uliona? Mzee hafundishwi, anaheshimiwa tu."

Lo, maskini mama wa watu.

Kanda ya kwanza aliitia kwenye kamera siku hiyohiyo. Akageuza kioo ukutani kama kawaida yake, akaanza kuosha ya pili. Na sauti ikaja. Mwanamke anaimba, polepole, kwa lugha ambayo Perpétue hajui hata neno moja, na kila mistari miwili anatoa pumzi ndefu, fuu, halafu anaendelea. Mtoto anacheka kwa mbali. Perpétue ni wa kwaya, sauti ya pili kanisani kwa Wakongo miaka yote hiyo, na wimbo ukimwingia sikioni hautoki. Mkono wake ulisimama juu ya pamba. "Ni huu," akasema peke yake. Akampigia Afande simu, akamwambia umepatikana, amlete Ayot Jumamosi. Wiki nzima aliunguruma ule wimbo akipika, akifua, akipanga foleni ya maji, mpaka Reine akamwomba abadilishe.

Kanda kumi zilipita salama. Alhamisi mchana, katikati ya ya kumi na moja, sauti ikakatika. Perpétue akageuza kioo. Kimeganda. Akazima, akawasha. Koko akakohoa, akatoa maandishi kwamba diski hii haijaandaliwa, je, aiandae sasa? Angekubali, ungekuwa msiba mwingine. Alikuwa na akili ya kubonyeza hapana, akaikumbatia ile diski kifuani, akakimbilia kwa Fadhul na glavu zake mkononi.

Fadhul aliifukua kutwa, na safari hii hakutania. Mwisho akavuta kiti.

"Mama Reine, kaa. Koko hakujua kuhesabu kupita mia moja ishirini na saba. Ile mia nne uliyoona aliisoma tu, kama mtu anayesoma namba ya nyumba asiyoweza kuingia. Ni kama umempa mtu daftari nene lakini yeye anajua kurasa kumi tu. Ya kumi ikijaa, anarudi ya kwanza, anaandika juu ya maandishi. Kanda ya kumi na moja imeandikwa juu ya ya kwanza. Ya pili mpaka ya kumi nimezipata zote. Ya kwanza hakuna."

Perpétue aliinuka. Alirudi chumbani, akaitoa kanda ya kwanza kwenye kopo lake, akaitia kwenye kamera huku midomo ikisali. Kamera ikazunguka mara mbili, ikakwaruza. Alipoifungua, ule utepe ulikuwa umeachia unga wa kahawia na kujikunja. Akakaa chini sakafuni, akalia. Alilia kwa aibu zaidi kuliko huzuni, kwa sababu alijua vizuri nani amefanya hili. Nusu saa ya nyongeza aliikataa kwa mdomo wake mwenyewe.

Fadhul alimfuata, akachuchumaa mlangoni. "Mama, ilikuwa na tope. Mwambie mafuriko yameimaliza. Nani atajua?"

Na hapo, msomaji, usimcheke, maana wazo lilimkaa. Afande angeamini, angesema asante, angeondoka kimya kimya na beseni lake. Mkimbizi anaishi kwa jina lake. Likichafuka Wandegeya, kesho pazia la kitenge linafunguliwa kwa nani? Aliliwaza mpaka Ijumaa asubuhi. Kisha akajipangusa uso, akamwita Fadhul.

"Kwanza nitamwambia ukweli. Pili, mtie Koko hiyo sindano yako."

Fadhul akafanya kazi safi, ya heshima. Akanakili kwanza kila kitu cha Koko pembeni, akaweka nyongeza, akabadilisha mpangilio mmoja. Baada ya hapo hakukubali kudanganywa na namba tena: aliijaza diski mafaili ya ovyo mpaka ikapita mia mbili, akayasoma yote tena, moja moja, akaona ni mazima na ya mwanzo hayakuguswa. Perpétue akachomeka waya wa kamera huku amefumba macho. Koko akaitambua kamera bila kigugumizi. Miaka yote ile ya amri, kumbe woga mtupu! Akataka kucheka, akashindwa.

Jumamosi Afande Okwera alikuja amepiga pasi shati. Ayot alikuwa nyuma yake, tumbo mbele, ameshika chupa ya maji, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekosa usingizi kwa furaha. Perpétue hakuwaacha wakae sana.

"Afande, wimbo ulikuwepo. Nimeupoteza mimi. Si maji, si tope, ni mimi na kichwa changu kigumu. Zingine tisa zipo salama, na zilizobaki sasa zitaingia vizuri. Lakini ile imekufa."

Afande alitazama ile kompyuta, akamtazama yeye. "Wewe uliniambia kwa simu umepatikana."

"Niliusikia, Afande."

"Ukaona bibi yangu?"

"Hapana. Siangalii mimi. Nilisikia tu."

Ayot alikuwa ameshaanza kulia bila sauti, machozi yanamshukia shingoni, na mkono juu ya tumbo. Alisema kwa taabu, "Mama, wewe ndiye mtu wa mwisho aliyemsikia."

Neno hilo lilimchoma Perpétue, na hapo hapo likamfungua. Aliweka glavu mezani. "Nilisikia," akasema tena. "Na mimi nikisikia wimbo hautoki. Maneno yenu siyajui, nitayaharibu. Unisamehe, Afande."

Akafumba macho, akaimba. Maneno yalitoka yamevunjika, mengine Kishi cha kwao Bukavu, mengine hayakuwa lugha yoyote duniani, lakini sauti ilipanda pale inapopanda na kushuka pale inaposhuka. Afande alikunja uso. Mstari wa kwanza haujaisha, akamrekebisha neno, kwa ukali, kama anasahihisha kuruta. Akarekebisha lingine. Halafu akaanza kuyatoa maneno mwenyewe, kwa sauti ya kusoma ripoti, na Perpétue akayapokea na kuyaweka juu ya ule mwendo. Fadhul mlangoni alikuwa ameshika mdomo. Fotokopi mbili zikaendelea kulia huko nje bila kujua kitu.

Baada ya mstari wa pili Perpétue akatoa pumzi ndefu, fuu, akaendelea. Baada ya mingine miwili, fuu.

Afande akainua mkono kumsimamisha.

"Nini hiyo?" akauliza.

"Ipo kwenye wimbo, Afande. Kila mistari miwili. Si hivyo mnavyoimba?"

Mzee akashika ukingo wa meza. "Hiyo si wimbo. Hiyo ni Aryemo anapuliza makapi ya simsim." Na yule mtu aliyenyooka akajikunja, akaficha uso kwa mikono yote miwili, akalia mbele ya wanawake wawili na Fadhul.

Perpétue alitaka ardhi immeze. "Basi nitaitoa. Tunaanza tena bila hiyo."

"Usiitoe!" Ayot akasema. Akajipangusa kwa kiganja, akasogeza kiti karibu na Koko. "Mama, washa hiyo kamera, itushike. Tuanze mwanzo."

Perpétue akachomeka waya. Mkono wake ulikwenda kwenye kioo kukigeuzia ukutani kama siku zote, na Afande akauzuia. Basi kioo kikabaki kinawatazama. Wakaimba watatu, yeye mwendo, mzee maneno, binti akifuata nyuma nusu neno, mpaka mara ya nne akawa hafuati mtu. Na kila mistari miwili Ayot alishusha kidevu, akapuliza taratibu juu ya tumbo lake.