Chumvi ya Majani ya Mto

Baada ya malaria kumlaza kwa muda mrefu, mama alipoteza hamu ya kula. Hapa nyumbani Mangobo nilimpikia pondu ya majani ya muhogo, nilimpikia samaki katika majani. Alionja kidogo, akasukuma sahani. Alisema chumvi ya sokoni inachoma ulimi tu. Alichotamani ni ile ya koko, mama yake mzazi, iliyotengenezwa kwa majivu ya majani ya mtoni huko Yanonge.

Mimi sikuwahi kuionja. Nilipanda mtumbwi wa injini, nikashuka mto hadi kwa mama mdogo, ambaye hakuhama kijijini maisha yake yote. Nilimweleza kilichonileta. Alichukua kapu na kuniongoza ukingoni.

Mahali wanawake walipokuwa wakichemshia chumvi, mto umekula nusu. Yamebaki mafiga meusi machache, vigae vya vyungu, na udongo wa kijivu usioota kitu.

"Koko alikuwa anaikalaka chini hapa," mama mdogo alisema, akagusa figa moja kwa mguu. "Mama yako pembeni yake, na moshi yote kwa macho."

Nilichuchumaa pale nikajaribu kumwona mama akiwa msichana. Sikuweza.

Tulikata majani, tukayaanika hadi yakakauka, tukayachoma. Majivu tuliyatia katika sufuria iliyotobolewa chini, tukayamwagia maji polepole, yakadondoka yakiwa na rangi ya chai. Tuliyachemsha mpaka yakaisha. Chini kulibaki ukoko wa kijivu usiojaza kiganja, nikaufunga katika jani la ndizi.

Niliporudi nyumbani, mama aliweka punje ulimini, akafumba macho.

"Iko chumvi," alisema. "Lakini haiko ya mama."

Nilimuuliza kilichokosekana. Alijibu kwamba labda majani si yale. Labda mikono. Hata hivyo aliniambia niinyunyize juu ya pondu, akala taratibu hadi mwisho, machozi yakimtoka, nami nikijifanya natafuta kitu jikoni.

Jioni aliuliza kama mdogo wake bado anacheka kwa sauti. Nikapiga simu, nikampa. Walizungumza Kilokele, lugha ambayo mimi naielewa nusu na siwezi kuisema. Nilikaa karibu na mama nikisikiliza, nikishika neno hapa na pale: maji, kuni, mama.