Jua la Zamu ya Mchana

Nikisikia harufu ya sanitaiza, hata leo, kinachonijia kwanza ni jasho la Kadzo likichuruzika hadi kwenye barakoa yake ya kitambaa cha leso.

Tulikuwa darasa la nane, Malindi, na shule zilikuwa zimefunguliwa baada ya miezi mingi ya korona. Wakubwa walijipanga kweli kweli, nisiwavunjie heshima. Darasa liligawanywa mara mbili tusirundikane, kila mtoto na dawati lake. Langoni pakawekwa ndoo ya maji, sabuni na sanitaiza, na Mwalimu Zuhura akapewa kipima joto chenye umbo la bastola. Tukimfikia tulikuwa tunainua mikono juu kama wezi, naye anacheka ndani ya barakoa.

Mimi na Kadzo tulipangiwa zamu ya mchana. Kwetu, mtaa wa Barani, ni karibu. Nilinyemelea vivuli vya kuta mpaka langoni. Kadzo alitoka mashambani, nyuma ya mji, kwa miguu, katika jua la saa saba ambalo hata mbuzi hulikimbia. Siku ya kwanza tu, bastola ikalia. Mwalimu Zuhura akarudi nyuma.

"Mwanangu, una homa. Rudi nyumbani, upone kwanza."

"Sisikii kuumwa, mwalimu."

"Ndivyo ulivyo huu ugonjwa."

Kadzo akageuka, akaenda kulipitia jua lile lile. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Waliokuwa wakimwazima kalamu wakaanza kumpisha njia kama mkokoteni wa taka. Mama akanikataza hata kumpungia mkono.

Wiki zile zile hawe wake, yaani nyanya aliyemlea, akafariki. Alikuwa mkongwe, na pumu ilimsumbua miaka na miaka. Lakini maneno ya watu hayakupimwa langoni: Kadzo katoka na korona shuleni, kamuua bibi yake. Waliokuja mazishini walisimama mbali naye. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulipofika, alikuwa keshapelekwa Watamu kulea mtoto wa watu. Dawati lake likabaki tupu, nasi tukapata nafasi kubwa kuliko ile iliyotakiwa na wizara.

Mwaka jana, nikisomea uuguzi, nilipelekwa zahanati kujifunza kazi. Mama mmoja akaingia anatota jasho, nikamwelekezea kipima joto. Muuguzi aliyenisimamia akanishika mkono.

"Huyu katoka juani. Mkalishe kivulini apoe, ndipo umpime."

Alisema kama mtu anayekumbusha mlango ufungwe. Nikatoka nje nikalia kwa hasira. Watu wazima wote wale, na ndoo zao, na sabuni zao, asipatikane hata mmoja wa kuweka benchi kivulini.

Nilimtafuta Kadzo huko Watamu, nikamkuta uani akianika nguo za tajiri wake. Nikamweleza habari ya jua. Nilitarajia angekasirika kama mimi, kwa ajili ya masomo yake, maana miaka yote nilidhani alichonyang'anywa ni mtihani.

Alilikamua shati polepole, akalitundika.

"Kwa hivyo sikuwa mgonjwa," akasema.

"Hukuwa mgonjwa, Kadzo."

Akakaa chini pale pale, juani, mikono ingali imelowa.

"Basi hawe sikumuua mimi."