Mlango wa Pongo

Pongo, yule swala wa vichakani, hapendi kujisumbua. Ukimtandazia matawi ya miiba hatayaruka iwapo pembeni kuna upenyo. Atayafuata mpaka aupate, na akishapita salama mara mbili tatu, hiyo imekuwa njia yake na ya watoto wake. Haya sikuyasoma sekondari. Niliyajua kwa kuishi katika bonde lililo chini ya milima ya Vidunda, kwenye shamba ambalo halikuwa langu.

Baba yangu aliletwa Kilosa na kazi ya mkonge, akafa bila kuacha hata tuta la mchicha. Mimi nikaoa huku milimani, ambako ardhi hufuata ukoo wa mama. Bonde lilikuwa la ukoo wa mke wangu, nami nililima kama mume wa mwenye bonde. Kila mtu alilijua hilo. Hata mimi nililijua, ila miaka ilivyokwenda nikalisahau, kwa kuwa jasho lilikuwa langu.

Juu ya mahindi yetu kulikuwa na mteremko wa nyasi, na chini kijito chenye kichaka kinene. Mwaka mmoja moto wa kusafishia shamba ulinitoroka ukala kipande cha mteremko, nyasi zikiwa bado na ubichi. Kipande kile kilipochipua nikakuta nyayo za pongo zimekijaa. Tangu hapo nikawa nachoma kwa makusudi mara masika yanapokwisha, kipande sasa, kingine baadaye, ili pasikosekane majani machanga. Kichaka cha kijito sikukigusa, maana pongo haoni raha kutembea peupe. Kati ya kichaka na mteremko nikapanga miiba, nikaacha mlango mmoja. Nilikuwa na gobore na kibali chake. Nilikaa kwenye mwamba, upande ambao upepo haukupeleka harufu yangu kwao, nikasubiri dume mzee. Majike na vitoto walipita wakitafuna, wakaniona, wakaendelea kutafuna.

Mdogo wake mke wangu alianza kuja kukaa nami pale mwambani. Kwangu ni shemeji, na tulitaniana kama mashemeji. Lakini kwa wanangu ni mjomba, na huku mjomba si mtu wa mchezo. Ndiye mwenye neno juu ya watoto na mali ya ukoo.

"Shemeji, kumbe umefungua shule ya pongo," aliniambia. "Ada wanalipa nini?"

"Dume mmoja kwa msimu."

"Bei ya bure hiyo. Na mimi niandikishe basi."

Nikamwandikisha. Nikamwonyesha pa kuchoma na pa kuacha, na kwa nini mlango hauwekwi mahali ambapo upepo unazunguka. Nilifurahi kupata wa kumwonyesha. Wanangu walikuwa wamehamia Morogoro, na walipokuja likizo walilalamika kwamba nanuka moshi.

Kisha nikavunjika mguu, nikakaa Kilosa kwa matibabu hadi masika yakapita. Niliporudi nilichechemea moja kwa moja hadi kwenye ule mlango wa miiba. Pongo jike alikuwa amenaswa shingoni kwa waya wa breki za pikipiki, amekufa, kiwele kimejaa maziwa. Hapo kando matairi ya pikipiki yalikuwa yamechora njia kuelekea Mikumi, kwenye barabara kuu. Niliukata ule waya. Kesho yake nikakuta waya mwingine umetegwa.

Shemeji hakuficha kwamba ni yeye aliyetega.

"Tulikubaliana dume," nilimwambia.

"Tulikubaliana wakati hakuna mnunuzi. Pale barabarani nani anauliza dume au jike? Wanauliza nyama."

"Ule mlango nimeujenga mimi!"

"Umeujenga kwenye bonde la nani, shemeji?" Akacheka, tena kile kicheko chetu cha utani, kana kwamba na hilo nilipaswa kulicheka.

Nilimwambia mke wangu kwamba nakwenda kwa askari wa wanyamapori. Aliendelea kupepeta mchele. "Mpeleke," alisema. "Mjomba wa wanao. Ila ukirudi usinitafute." Sikwenda. Ningeweza kwenda, na sikwenda.

Nilipeleka shauri kwenye kikao cha ukoo. Aliyekiongoza alikuwa mama yake mkubwa mke wangu, bibi kizee asiyeinua sauti. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanitazama.

"Mkwe, kuna mtu amekunyang'anya mahindi?"

"Hapana, mama."

"Nyumba?"

"Hapana."

"Sasa unalilia nini?"

Nikasema nawalilia pongo. Watu waliangua kicheko, na shemeji akawazidi wote. Wakaamua kwamba mjomba asimamie bonde lao kama atakavyoona inafaa, na mimi nibaki na mahindi yangu kwa heshima ya mke wangu.

Nilibomoa uzio. Niliburuta miiba yote nikaichoma, nikidhani pongo sasa watatawanyika na kupita popote wapendapo. Wapi! Uwanja ulikuwa wazi kushoto na kulia, nao wakaja kwa mstari, wakapita palepale ulipokuwa mlango, palepale penye waya. Sikuwa nimejenga uzio bondeni tu. Nilikuwa nimeujenga vichwani mwao. Waya ulikuwa wa shemeji. Imani ile niliiweka mimi.

Nikachukua debe, lile tunalopiga kufukuza ngedere kwenye mahindi. Kila alfajiri nilisimama njiani nikalipiga. Mwanzoni walinitazama tu. Jike mmoja na kitoto chake hawakusogea hata nilipowakaribia; walinijua kama mtu wa mwambani, asiye na madhara. Nikarusha jiwe. Lilimpata kitoto mguuni, akalia kama mbuzi, na mama yake akaruka kichakani. Nikaokota jiwe jingine, nikalirusha, na mengine tena, mpaka kichaka kikanyamaza.

Msimu ule haukuisha kabla hawajahama. Mteremko sasa una nyasi ndefu zilizokauka, na waya zinaota kutu. Shemeji huniamkia shikamoo akipita shambani. Nami huitikia marahaba, kwa sababu ni mjomba wa wanangu, na mahindi ninayokula yanaota kwenye ardhi yao.