Homa ya Siku ya Kumi na Nne

Aliyeniponza ni wifi yangu Mwanaidi. Nililia mtoto, hata mmoja tu, naye akanifundisha kuhesabu siku kumi na nne tangu nioge tohara ya hedhi, ndipo mimba hushika. Usiku mume wangu alilinda mahindi ya kijiji, basi siku ikifika najitia homa, natoroka shamba la ujamaa, namfuata nyumbani mchana. Miaka miwili, mjinga mimi!

Mkutanoni balozi wa nyumba kumi, Mhina, akanisimamisha. "Homa gani hii ya kila mwezi, mama?"

Kwa uchungu nikamwaga yote, hata kamba yangu ya mafundo ya kuhesabia siku nikaionyesha. Wakaangua kicheko. Mkunga peke yake hakucheka.

"Mwanangu, huhesabiwa tangu damu inapoanza. Ulipokuwa unakimbilia nyumbani, siku zenyewe za kushika mimba zilikuwa zimeshapita."