Shati Langu Lilipokwenda Kupimwa

Mwanangu, nakumbuka Jumanne moja kwa sababu ya shati. Lilikuwa la samawati lenye mistari, shati langu la kuongozea kwaya siku ya Sabato. Asubuhi hiyo nililitoa kwenye msumari, nikampa mdogo wangu Ondieki alivae. Ondieki, yaani baba yako, kabla hujazaliwa, kabla hata hajamjua mama yako. Lilimpwaya kidogo mabegani. Nikamfunga vifungo kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwambia, "Leo wewe ni mimi. Wakikuuliza jina, taja langu."

Sijawahi kukusimulia haya, na baba yako hatakusimulia, maana nilimwomba anyamaze naye ni mtu wa kushika neno. Lakini juzi mkeo alipita hapa na mimba yake. Akaniambia ile barua ya kliniki ya kukuita umeiweka chini ya redio, ukasema, "Yeye amepimwa, yuko sawa. Basi na mimi niko sawa." Chai ilinishinda kunywa. Kaa hapo unisikilize.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mnunuzi wa ndizi. Nilizikusanya Nyamarambe na Suneka, nikapanda nazo lori hadi Nakuru, nikakaa huko siku mbili tatu mpaka ziishe. Huko sikulala peke yangu. Wewe ni mtu mzima, sina haja ya kupamba. Alikuwa mama mmoja mwenye kibanda cha chakula pale sokoni. Safari moja nilikuta kibanda kimefungwa, na watu wanautaja ugonjwa uliomuua kwa sauti ya chini. Sikupimwa na mtu, lakini moyoni nilijua. Nikarudi kwangu Kebirigo, nikaendelea kuimba kanisani, nikaendelea kulala na mke wangu kama kawaida.

Mwaka huo mke wangu Moraa akapata mimba. Tulikuwa tumeingoja miaka minne, mpaka majirani walianza kumtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Alipokwenda zahanati walimpima, akawa mzima. Sista akamwambia, "Mama, wewe uko sawa. Lakini kliniki ingine ukuje na mzee. Nataka niwaone wawili." Moraa aliniletea maneno hayo akiwa na furaha, kama mtu aliyealikwa harusini.

Nikakataa. Nikasema mwanamume wa Kisii hakai benchi moja na wanawake wenye mimba. Nikaingiza na chinsoni, zile adabu zetu za nani amwonee nani haya: je, nikimkuta mama mkwe wangu pale? Adabu hizo ni nzuri, mwanangu, sizidharau. Ila siku ile nilizishika kwa sababu ya woga tu. Moraa alipozidi kunisihi, nikamtolea uongo ulio mkubwa kuliko wote. Nikamwambia nilishapimwa Nakuru, niko salama, naona aibu tu kuonekana pale, basi Ondieki anayefanana nami aende badala yangu, sista aridhike. Akakubali. Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wakaenda, Moraa mbele na Ondieki nyuma, ndani ya shati langu. Baba yako alikuwa kijana wa kuchuma majani chai, hajaijua dunia, na kwetu mkubwa akisema mdogo hutii. Walirudi mchana na kikaratasi chenye jina langu na maneno kwamba sina virusi. Sista alikuwa amempongeza sana, eti ni wanaume wangapi wanaokubali kuja.

Nikakitia kikaratasi ndani ya Biblia. Utanicheka, lakini baada ya muda nilianza kukiamini. Nilikuwa nakifungua, nasoma jina langu, nasoma majibu, nikaona pengine Mungu amenihurumia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, ila mwongo mwenyewe akiwa njiani huiona ndefu.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Tukampa jina la mama yangu, Kemunto, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Unajua kwetu jina la marehemu halitolewi kama pambo. Babu yako alimpakata akasema, "Mke wangu amerudi." Tangu hapo kila siku saa tatu asubuhi alifika na fimbo yake na ndizi mbivu mkononi, kumletea mkewe ambaye hakuwa na jino hata moja. Tulicheka sana siku zile. Sijawahi kucheka hivyo tena.

Alipofikisha miezi minne utando mweupe ukajaa kinywani mwa Kemunto. Mwezi wa tano akaanza kuharisha na kukohoa, akawa mwepesi mikononi. Majirani wakasema ni meno. Wazee wakasema ni jicho baya, akaitwa mama mmoja wa kumsugua mtoto kwa siagi, kama desturi yetu ilivyo. Mimi nilijua si jicho. Nilijua, na bakuli la siagi nililishika mimi.

Mwezi wa sita tukampeleka hospitali mjini Kisii. Daktari akatuuliza kama tulipimwa wakati wa mimba. Nikakitoa kikaratasi kwenye Biblia nikampa. Hebu fikiria, mwanangu: mtoto anahema kwa shida mbele yangu, na mimi natoa karatasi.

Akakisoma, akasema, "Sawa baba, lakini tutarudia. Wote watatu."

Siku hiyo Ondieki hakuwepo. Nikanyoosha kidole changu mwenyewe.

Tulikutwa na virusi sote watatu. Daktari akatueleza polepole. Moraa alikuwa mzima kweli alipopimwa mwanzoni. Nilimwambukiza mimi baadaye, mimba ikikua au akinyonyesha, na mtoto akapata kwake. Kama hali yangu ingejulikana mapema, wangetuonyesha namna ya kumkinga Moraa. Na hata kama virusi vingempata Moraa, wakati ule tayari kulikuwa na dawa za kumkinga mtoto. Sista hakuzitoa kwa kuwa karatasi yangu ilimwambia nyumba hii haina neno.

Moraa hakulia. Aliniuliza neno moja tu, "Ulijua?"

Nikakikunja kile kikaratasi, na hakuuliza mara ya pili.

Kemunto alifariki siku ya nne, saa tatu asubuhi. Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya mama yangu. Watu walipotawanyika nilimweleza baba yangu kila kitu, pale pale kaburini, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kukibeba. Nilingoja anichape, maana alikuwa mtu mkali. Aliiegemea ile fimbo yake, akasema, "Nilipomzika mke wangu mara ya kwanza, nilisema ni Mungu. Mara hii ni wewe."

Akaenda zake. Aliishi miaka saba baada ya hapo, na tuliongea, habari za ng'ombe, habari za bei ya chai. Lakini asubuhi hakuja tena kwangu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, na kifo kikaniruka mimi mfichaji kikamchukua asiyejua hata kusema. Methali ya jambo hilo sijaisikia, na sidhani kama nitaisikia.

Mimi na Moraa tungali hai, tunameza dawa zetu kila jioni, na maji ananiletea yeye. Mtoto mwingine hatukupata. Ndiyo maana nikikuita mwanangu, nina maana hiyo hasa.

Basi nisikilize. Majibu ya mkeo ni ya mkeo, hayasemi lolote juu yako. Tena ni ya siku ile aliyopimwa. Wakikuambieni mrudie mimba ikikaribia mwisho, au mtoto akiwa ananyonya, rudini nyote wawili bila kununa. Usiniambie habari za aibu, maana aibu naijua. Ya benchi la kliniki huisha siku hiyo hiyo. Ukikutwa huna virusi, mshukuru Mungu na ujitunze. Ukikutwa navyo, hapo si mwisho wako. Mimi hapa nimeishi navyo miaka mingi, na siku hizi ukimeza dawa kama ulivyoelekezwa, mkeo atakingwa na mtoto atazaliwa mzima. Nawaona watoto wa namna hiyo kila nikienda kuchukua dawa zangu. Wanakimbizana kati ya mabenchi, mama zao wanawafokea, nami nageuza uso nisionekane.

Mkeo aliniomba jambo jingine siku ile. Alisema akijaliwa msichana, angependa aitwe Kemunto. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii, jina hilo liko mikononi mwangu, na nilimwambia angoje. Sitalitoa kwa baba ambaye hajanyoosha kidole chake. Nililitoa hivyo mara moja, yatosha.

Jumanne nitakuwa langoni pa kliniki saa mbili asubuhi, maana ni siku yangu ya dawa. Baba yako akitaka kwenda badala yako, mwambie nimesema abaki kwenye chai yake. Wewe njoo na mkeo, ukiwa umevaa shati lako.

Mungu wa baba zetu akutie nguvu za magoti siku hiyo. Akupe mtoto wa kulia hadi majirani walalamike, na ajaze mji wako kelele. Mtoto huyo aje atuzike sisi sote, mimi kwanza, kisha baba yako, kisha wewe ukiwa na mvi, na asiwepo yeyote kati yetu wa kumzika yeye.