Mama Mwenye Nyumba Amalizia Tamthilia

Nilipohamishiwa Kyela kutoka Tanga nilikuwa afisa kilimo mgeni kazini, na nilikuja na begi la nguo, jiko dogo la gesi na blogu. Blogu niliianzisha nikiwa chuoni. Nilikuwa naandika mambo madogo madogo: kwa nini betri ya simu inakwisha mapema siku unayoihitaji, mchezo gani wa simu unapoteza muda kistaarabu, tamthilia ipi imeanza vizuri ikaharibika katikati. Wasomaji walikuwa wachache, na wengi wao nawafahamu kwa sura. Mmoja alikuwa kaka yangu, ambaye aliingia kila mara kunisahihisha tahajia.

Nilipanga chumba Ipyana, kwa mama mmoja mjane mwenye mashamba ya mpunga na kakao. Wanawe wote wanafanya kazi mijini. Walikuja sikukuu moja, wakamfungia televisheni iliyomeza nusu ya ukuta wa sebuleni, wakaweka dishi juu ya bati, wakarudi makwao. Siku niliyofika mama huyo alinipa ndizi za kupika na usipa, wale dagaa wa ziwani, akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, alifurahi.

"Kumbe wewe ndiye bibi shamba! Karibu sana, mwanangu. Shamba nitalihangaikia mwenyewe. Wewe nisaidie hii rimoti."

Nikamsaidia rimoti. Jioni nyingine nikamwonyesha mchezo wa simu niliokuwa nataka kuuandikia, mchezo wa kulima. Unagusa kwa kidole, kabichi linaota; unagusa tena, umevuna. Mama alivaa miwani, akatazama kwa makini.

"Nani kapalilia?"

"Hapalilii mtu, mama."

"Mbolea je?"

"Hamna."

"Na mvua?"

Nikamwambia kwenye mchezo huo mvua haihitajiki. Akanirudishia simu taratibu, kama mtu anayerudisha chakula kilichochacha.

"Mwanangu, serikali imekusomesha kilimo, halafu unashinda na kabichi la uongo. Wakulima wasikuone."

Niliyaandika maneno yake kwenye blogu kama alivyoyasema, bila jina wala picha. Watu wakasoma, wakawatumia wenzao. Kaka yangu safari hiyo hakusahihisha kitu. Aliandika swali moja tu: "Huyo mama ni nani?" Tangu hapo habari za betri zikapungua, na habari za sebuleni kwa mama zikaongezeka.

Sebuleni pale kulikuwa na tamthilia moja ya Kituruki, iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na mama hakuwahi kuikosa. Binti wa maskini ameolewa kwenye nyumba ya kifahari. Mama mkwe amejaa mikufu na hila. Mume ni mzuri wa sura, ndevu zimechongwa, ila hana uamuzi. Akiulizwa kitu anatazama dirishani mpaka sehemu inaisha. "Huyu angekuwa mwanangu," mama alikuwa akisema, "ningemrudisha darasa la kwanza akaanze upya." Alikuwa akitazama pamoja na mdogo wake, anayekaa ng'ambo ya mtaro, mama mtu mzima kama yeye. Huyo mdogo mtu kazi yake ilikuwa kupinga. Dada akisema binti anaonewa, yeye anasema binti kajitakia. Dada akisema mama mkwe ni nyoka, yeye anasema mama mkwe ana uchungu na mwanawe. Wakishabishana hivyo wanakunywa chai, mmoja anamsindikiza mwenzake mpaka mtaroni, na kesho yake wanaanza tena.

Ilipotangazwa kwamba tamthilia inafika mwisho, mama aliwaalika wanawake wenzake wa kwaya ya kanisani waje kuuona mwisho huo kwake. Wasiwasi wake ulikuwa mvua. Ulikuwa msimu ule ambao Kyela mvua inanyesha kama vile jana haikunyesha, na dishi letu likishaona wingu zito linazira. Akaniita.

"Wewe una simu ya kisasa. Dishi likikata, simu yako si inaweza kuionyesha hiyo tamthilia kwenye televisheni?"

"Inaweza, mama. Nina waya wake."

"Na bando?"

"Nitanunua, mama."

"Basi tumemaliza," akasema, akaenda kuazima viti.

Siku yenyewe ikafika, na kazi ikanipeleka Katumba Songwe. Kulikuwa na mkulima ambaye kakao yake ilikuwa inaozea mtini, tunda linakuwa jeusi kabla halijaiva. Nilikwenda na pikipiki ya ofisi, bando tayari lipo kwenye simu na waya umo kwenye mkoba. Tukiwa shambani, karibu na mto wa mpakani, simu ikatetemeka mfukoni. Nikasoma: nakaribishwa Malawi. Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama kwenye majani makavu ya mkakao wa Tanzania, buti zangu zote mbili ziko Tanzania. Simu peke yake ndiyo iliyovuka mpaka. Nilicheka, nikajiambia hiki ni kisa kizuri cha blogu, nikairudisha mfukoni.

Nilichosahau ni kwamba saa za Malawi ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, na simu, kwa heshima zake, ilikuwa imefuata saa za mwenyeji.

Tulipomaliza, mkulima na mkewe hawakukubali niondoke na njaa. Wakatenga wali, ule wa Kyela unaonukia mpaka barazani kabla hujauona, pamoja na samaki wa ziwani. Nikachungulia simu. Bado mapema. Nikala kwa nafasi. Nikarudia somo la kukata matawi yanayozuia jua, nikiwa na raha ya mtu mwenye muda. Mkulima akatazama jua, akatazama pikipiki.

"Bibi shamba, hutachelewa kweli?"

Nikamwonyesha simu. "Aa, bado sana, baba."

Aliitazama simu, akalitazama jua tena, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu zake akajibu tu, "Ndaga." Watu wa huku wakisema ndaga wanakushukuru. Siku ile nadhani alikuwa ananisikitikia.

Mvua ilinikuta njiani. Karibu na mjini Kyela nikasimama chini ya kibaraza cha duka, nikatoa simu nimpigie mama kwamba niko njiani. Nikaona saa: simu ilikuwa imesharudi Tanzania. Kwenye pikipiki ile, bila kujua, nilikuwa nimezeeka kwa saa nzima. Tamthilia ilikuwa imeanza zamani. Nikajaribu kupiga, salio hakuna: simu ilikuwa imejipakulia mambo yake ikiwa ugenini, ikamaliza kila kitu. Nikawasha pikipiki nikaondoka kwenye mvua vilevile.

Nyumbani nilikuta viatu vya kike vimepangwa barazani, vimelowa. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, lakini ndani kulikuwa kimya, isipokuwa sauti moja. Nikafungua mlango polepole. Televisheni ilikuwa inawaka buluu tupu, imeandikwa kwamba hakuna mawimbi. Mbele yake alisimama mama mwenye nyumba, kashika rimoti kama kipaza sauti. Kwaya nzima ilikuwa imemkodolea macho. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

"Binti hakulia," mama alikuwa anasema. "Tamthilia nzima mmemwona analia. Leo hakulia. Alichukua kanga yake, akajifunga kiunoni, akamwambia mama mkwe: shikamoo mama, na kwaheri."

"Waturuki wana kanga?" mdogo wake akauliza.

"Huyu alikuwa nayo."

"Hebu mwache aendelee!" wanawake wakamkemea mdogo mtu.

"Mume akamkimbilia mpaka getini. Akasema, mke wangu, usiende, nimeamua! Binti akageuka. Akamuuliza, umeamua nini? Mume kimya." Mama naye akanyamaza, akageuza uso akatazama dirishani, vilevile kabisa kama yule mume. "Kumbe hakuwa ameamua kitu. Alikuwa ameamua kwamba ataamua."

Sebule ililipuka kwa kicheko. Mama mmoja wa sauti ya pili alimwangukia mwenzake begani. Mimi pale mlangoni natiririka maji, nacheka.

"Na mama mkwe?" mmoja akauliza. "Alikufa?"

"Hakufa. Kufa angepumzika. Alibaki kwenye lile jumba lake lenye vyumba vingi. Jioni akataka chai. Akamwita binti, binti hayupo. Akaingia jikoni mwenyewe, akachemsha mwenyewe. Akainywa bila sukari, maana miaka yote ile hakujua kwenye nyumba yake sukari inakaa wapi."

Hapo hakucheka mtu. Mama wa sauti ya pili akasema, "Maskini," na wote tukamwonea huruma mwanamke ambaye tulikuwa tumemchukia tangu mwanzo.

Binti naye, kwa maelezo ya mama, alipanda basi mpaka kwao, akafungua mashine ya kukoboa mpunga.

"Huko Uturuki?" mdogo wake akauliza.

"Kwani wao hawali wali?"

Ndipo walipogeuka wakaniona.

"Samahani, mama," nikasema. "Simu yangu ilikuwa Malawi."

"Simu ilikuwa Malawi. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Katumba Songwe, mama."

Walicheka kuliko walivyomcheka yule mume. Nikawaambia mtu akinigawia bando nitaunganisha waya, tutazame mwisho wenyewe. Wakanitazama kana kwamba nimewaletea chakula wakati wameshakula wakanawa.

"Ya nini tena?" akasema mama wa sauti ya pili. "Si imeshaisha?"

Jumamosi mchana kulikuwa na marudio, na mbingu ilikuwa nyeupe. Wakaja tena, safari hii kwa udadisi tu. Mwisho wa kweli ulikuwa hivi: binti alisamehe watu wote, mama mkwe akakumbatiwa, mume akaamua jambo ambalo lilikuwa limeshaamuliwa na wengine, ikafanyika harusi upya na fataki zikapigwa. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Mimi nilimtazama mdogo mtu, maana nilijua nafasi kama hiyo ya kumpinga dada yake hataiacha ipite.

"Wamekosea," akasema.

"Nani?" mmoja akamuuliza.

"Hao. Au aliyetafsiri. Mwisho haukuwa huo. Dada aliusema vizuri."

Mama mwenye nyumba alichukua rimoti akazima televisheni, kwa mguso mmoja, bila kuniita nimsaidie.

Niliyaandika yote kwenye blogu, pamoja na ule mwisho wa chai isiyo na sukari. Kisa kilisomwa kuliko chochote nilichowahi kuandika, na ndicho kilichoniponza, kwa sababu mwenzangu mmoja wa ofisini alikisoma, akamsimulia mkewe, na mkewe anasali kanisa moja na mama. Jumapili mchana mama aliniita barazani.

"Keti, bibi shamba. Nasikia nimo kwenye simu."

Nilianza kuwaza nitahamishia wapi jiko la gesi. "Umo, mama. Lakini jina sijaweka."

"Nisomee."

Nikamsomea mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza amefumba macho, kama anavyosikiliza mahubiri. Nilipomaliza akafumbua macho.

"Umeandika nilishika rimoti kama kipaza sauti."

"Ndiyo, mama."

"Niliishika kama rimoti."

Nikafuta mbele yake.

"Na umeandika wanawake walicheka. Mbona husemi mdogo wangu alicheka kuliko wote? Mpaka kilemba kilidondoka. Anajifanya hapendi, lakini nilimwona."

Nikaongeza kilemba. Halafu nikamsomea maoni ya wasomaji. Mtu wa Tabora alisema mama yake amecheka mpaka akakohoa. Mwingine alikuwa anagombana na mwenzake kuhusu mama mkwe, kama anastahili kuonewa huruma. Mama alitaka kila ubishi asomewe mara mbili, na upande aliouunga mkono ulikuwa unabadilika.

"Hawa wote hawajaniona," akasema.

"Hawajakuona, mama."

Akaingia ndani. Alirudi amevaa kitenge cha kutokea na hereni. "Nipige picha."

Nikamweleza kwamba kwenye blogu sionyeshi sura ya mtu. Alifikiri. Hakutaka kitenge kipotee bure. "Basi piga mikono," akasema, akaiweka mapajani juu ya maua ya kitenge. Picha ya kwanza aliikataa kwa sababu vidole vimekaa kivivu, ya pili kwa sababu ya kucha. Tulipopata iliyomridhisha, mdogo wake alikuwa anavuka mtaro kuja kwetu, na mama akamnyooshea simu kabla hata hajaketi.

"Unaijua mikono hii?"

Mdogo mtu aliisogeza simu mbali, akaileta karibu. Nilidhani atasema haijui, kwa ubishi tu.

"Hii ni mikono ya mama yetu," akasema.

Mama mwenye nyumba alimnyang'anya simu, akavaa miwani akatazama upya. "Kweli," akasema. "Ni ya mama kabisa." Wakakaa wameinamia kile kioo kidogo, vichwa vimegusana. Kisha wakaanza kubishana mama yao alikuwa akishika mwiko kwa mkono upi.